Masika na Mimi Tulivyojifunza Kukaa

Mwaka huo tulikula sombe. Watu wa Bwera, huku kwetu Uganda mpakani na Kongo, ukiwatajia mwaka kwa namba watakutazama tu, lakini sema mwaka wa sombe, watashika tumbo na kucheka. Mvua ilikuwa imeozesha maharagwe shambani, samaki wa Katwe hawakufika mpaka tukasahau sura zao, na kila nyumba ikala bundu, ugali wetu wa muhogo, kwa sombe, majani ya muhogo. Muhogo kwa muhogo, asubuhi na jioni. Mjukuu wangu Masika aliuliza kama Mungu mwenyewe anakula sombe au huko juu kuna nyama. Aliuliza hivyo kanisani, kwa sauti, padri akiwa bado anasoma.

Ndiyo mwaka nilioanza kuona. Kuelewa kulikuja baadaye sana. Naandika haya kwa ajili ya bibi mwenzangu mwenye mtoto kama Masika nyumbani, ambaye mkono wake umeshachoka kwa kuchapa. Naandika Kiswahili cha soko la Mpondwe, kwa sababu kwenye benchi la hospitali tulikaa Wakonzo, Wasongora na akina mama wa Beni na Butembo, na hicho ndicho tulichosikilizana nacho. Mambo ya kidaktari siyajui, sitayaandika.

Mimi ni mjane wa askari. Nimelea watoto sita na wote leo wanavaa viatu vyao wenyewe. Sitaki mtu aseme naandika kwa sababu nilishindwa kulea.

Mwanangu Bwambale ni mpishi Mweya, kwenye hoteli ya watalii, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mke wake Zawadi ni wa Beni. Walioana huko Bwambale alipokuwa akifuata biashara ya kahawa, kisha wakaja kujenga karibu na mimi. Zawadi anauza nguo mitumba, siku za soko yuko Mpondwe, siku nyingine anavuka mpaka kwenda Kasindi. Kwa hiyo Masika alikuwa wa kwangu tangu jua linapotoka mpaka linapozama. Ananiita Mukaka, ndivyo sisi Wakonzo tunavyomwita bibi.

Alikuwa na miaka minane, darasa la tatu. Mdomo wake haukuwa na mlango. Ukianza kusema yeye anamaliza, na anamalizia pengine kabisa. Aliondoka na viatu viwili akarudi na kimoja. Penseli niliacha kuzihesabu. Mezani alikaa kama mtu aliyekalia siafu. Lakini huyo huyo ungemkuta amechutama mbele ya kichuguu tangu asubuhi, anaangalia mchwa, hasikii njaa, hasikii unamwita. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilisema, kumbe akitaka anaweza, basi ni kiburi.

Kwetu msichana anapimwa kwa bundu. Unga ukishaingia kwenye maji ya moto hakuna kuondoka, unasonga mpaka liive. Masika alisonga mara tatu, akauacha mwiko umesimama katikati kama nguzo ya stima, akaenda kumwangalia mjusi. Niliporudi nyumba ilikuwa moshi mtupu.

"Nani alikuambia uondoke?"

"Nilisahau, Mukaka."

"Umesahau vipi kitu ulichokishika mkononi?"

Akaangalia mkono wake, kama na yeye anataka kujua.

Halafu ikaja siku ya kahawa. Msimu ule wa mvua jua lilikuwa la kuibia. Nilikuwa nimeanika kahawa kwenye turubai, kazi ya wiki nzima, na ilinibidi nishuke Mpondwe asubuhi. Nikamweka Masika pale. Nikamwambia kazi ni moja tu, ukiona wingu kutoka mlimani, kunja turubai ufunike. Akasema, "Ndiyo afande." Ananiita hivyo nikimwamuru kama babu yake marehemu alivyokuwa akituamuru sote.

Mvua ilinikuta nikipanda kurudi. Nilikimbia na miguu yangu hii. Nilikuta kahawa inaelea, nyingine imeshafika kwenye mgomba wa jirani. Masika yuko nyuma ya nyumba, tope mpaka kwenye nyusi, anachimba na jembe lililomzidi urefu. Alikuwa amechimba mfereji mzuri kabisa. Aliponiona alifurahi.

"Angalia, Mukaka. Nimetengeneza njia ya maji yasifike kwenye kahawa."

Nilimchapa. Nilimchapa mpaka fimbo ikakatika, na ninaandika hivyo kwa sababu nimeahidi kuandika tuliyoyapitia. Hakukimbia. Alipomaliza kulia aliniuliza, "Mukaka, kwa nini kichwa changu kinaniacha?" Nilikuwa naokota kahawa kwenye matope, lakini swali hilo nililisikia, na nadhani nililijua tangu zamani.

Sasa nitaeleza kosa ambalo watu wa kwetu tu ndio wanaoweza kulifanya.

Sisi majina yetu yanafuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na inaendelea hivyo. Wifi yangu, dada wa marehemu, anakaa Maliba. Alikuja kutuona baada ya ile kahawa, akakaa mkekani, akamwangalia Masika akipanda na kushuka mti wa parachichi, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Huyu ni wa kwanza wa Bwambale?"

"Wa kwanza."

"Kabla yake hakuna?"

Zawadi alikuwa anakunja nguo pembeni. Mikono yake ilisimama. Kulikuwa na mwingine, kule Beni, msichana aliyetoka bila kulia. Walimzika huko na hawakuwahi kumtaja. Wifi yangu aliisoma ile mikono.

"Haya basi," akasema. "Mtoto huyu amevaa jina la dada yake. Mwenyewe anamvuta alirudishe. Hawezi kutulia mtu anayevutwa. Yeye ni Biira."

Nilimwamini. Ilikuwa tamu kuamini, kwa sababu jina likiwa ndiyo shida, mimi sina kosa, fimbo yangu haina kosa, na dawa yake ni kuku mmoja. Tulimchinja jogoo, tukawaita watu, tukamtangaza Biira. Zawadi alisimama mlangoni. Hakuna aliyemuuliza. Siku ile kila mtu alikula nyama, tena katikati ya mwaka wa sombe, na kila mtu akasema mtoto ameshaanza kutulia.

Kweli alitulia siku nne. Nilipokuja kufikiri baadaye, siku nne hizo hakuna aliyempigia kelele. Siku ya tano akaacha mbuzi wa jirani wakaingia kwenye bustani ya kitunguu. Na shuleni ikawa mbaya zaidi. Mwalimu wake, madamu Grace, aliita "Biira" mara sita, mtoto hakugeuka.

"Mama, zamani alikuwa hasikilizi," madamu akaniambia, "sasa hata jina lake hajui."

Kilichoniuma zaidi ni Zawadi. Wiki ile alifunga mizigo yake akaenda kwa dada yake Kasindi. Alisema neno moja tu kwangu: "Mama, mumefukua mutoto wangu mbele ya batu, munakula kuku." Bwambale alipokuja mwisho wa mwezi alikuta mke hayupo na mtoto ana jina jipya. Hakunigombeza. Alikula akiniangalia, akarudi Mweya kabla ya siku yake.

Mtu aliyenipa njia ni Mama Kahindo, Mkongomani anayeuza maharagwe karibu na meza ya Zawadi. Alikuja kuulizia rafiki yake, akamkuta Masika anachambua kahawa. Dakika moja anachambua nzuri na mbaya, dakika ya pili amezichanganya tena zote, anapanga sura ya mtu chini.

"Mama Bwambale," akaniambia, "huyu mutoto hapana mubaya. Wangu alikuwa vile vile. Balisema iko na pepo, tukaombea mupaka magoti ikatoka ngozi. Kisha tulienda ku hopitali ya Kasese. Balituuliza maulizo mingi. Leo anasoma."

"Hospitali gani? Ile ya vichaa?"

"Ile ile."

"Mimi nipeleke mjukuu wangu kwa vichaa? Watu wataniona."

"Bakuone. Haya yako itamufundisha kusoma?"

Nilikaa na maneno hayo mpaka kahawa ya msimu ule ikaisha kuvunwa. Nilikuwa mpumbavu kwa muda wa miezi miwili, nawe usiwe.

Tulikwenda asubuhi moja ya kiangazi. Barabara ya Kasese inapita ndani ya mbuga, na tembo walikuwa karibu na njia. Masika aliwaeleza abiria wote habari za masikio yao mpaka dereva akamwomba apumzike. Kasese ni joto kama chungu kilichofunikwa. Nilijifunga kitenge kichwani mpaka machoni, nikaingia upande ule wa hospitali nikitazama chini. Nani nilimkuta kwenye benchi? Katekista wetu, na kaka yake. Tulisalimiana vizuri sana, kila mmoja akiangalia ukuta.

Tulisubiri kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Benchi lile lina mbao tatu, ya katikati inabana nyama ya mtu. Kulikuwa na msichana anayetikisika mkono, mzee anayezungumza na kofia yake, mama wa Butembo mwenye kijana aliyelala mapajani mwake. Masika alimuuliza kila mtu anaumwa nini. Nilimvuta, nilimfinya, nilimwambia kaa, tulia, nyamaza. Mzee wa kofia akasema, "Mwache, ndiye wa kwanza kuniuliza." Na mama mmoja Msongora alikuwa na maziwa kwenye kibuyu, akamwita Masika, akamwambia, "Kunywa, lakini umeze taratibu, uhesabu mpaka ishirini." Mtoto akahesabu na kunywa, kimya, mpaka kibuyu kikalala kitupu. Kitu kidogo hicho. Nimekihesabu katika mambo mema niliyotendewa maishani.

Musawo, ndivyo tunavyomwita mtu wa tiba, aliyetupokea alikuwa binti mdogo, koti jeupe, viatu vimechakaa. Nilidhani ataniuliza kuhusu pepo au kuanguka kifafa. Kwanza alimwangalia masikio na macho, akauliza kama aliwahi kuugua malaria kali, kama anapotewa na fahamu. Kisha akaanza yale maulizo ya Mama Kahindo.

"Akipewa kazi anaimaliza?"

"Anaimaliza nani? Anaanza tano."

"Anapoteza vitu?"

"Muulize kiatu chake kingine kiko wapi."

"Kiko mtoni," Masika akasema.

"Ukizungumza naye anakuwa kama hayupo?"

"Macho yapo hapa, mwenyewe yuko Mweya."

"Anaweza kungoja zamu yake?" Kabla sijafungua mdomo Masika alishajibu hapana. Musawo akacheka kidogo, akaandika.

Aliuliza kama ni shuleni tu au na nyumbani, na kanisani, na kwa jirani. Kila mahali, nikasema. Aliuliza tangu lini. Tangu aanze kutembea. Alianza kwa kukimbia. Aliuliza kama baada ya kuharibu anaona vibaya, au anacheka. Hapo nikakumbuka lile swali lake siku ya kahawa, nikamweleza.

Nilikuwa nimekuja na mambo ya kuuliza mimi pia, kwa hiyo nilichukua pembe ya kitenge changu nikaanza kufungua fundo. Musawo akasimamisha kalamu.

"Mama, hayo mafundo ni ya nini?"

"Ya kukumbuka. Hili ni chumvi ya kununua. Hili ni ufunguo, nimeuacha kwa jirani. Hili lilikuwa jina lako, nimeulizia mlangoni. Jina limeondoka, fundo limebaki."

"Ulianza lini kufunga?"

"Tangu usichana wangu. Nisipofunga napotea hata nyumbani."

"Na shule, mama, ulifika wapi?"

"Darasa la tatu."

"Kwa nini uliacha?"

"Sikuacha. Niliondolewa. Mwalimu alimwambia baba, huyu hakai, huyu kichwa chake ni cha kuku, mpeleke shamba mpaka atulie. Nikapelekwa. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuniambia kama nimetulia."

Niliyasema kwa mzaha, ndivyo ninavyoyasema siku zote, sokoni wanacheka. Binti yule hakucheka. Akasema hawezi kunipima mimi siku ile, nilikuja kwa ajili ya mtoto. Lakini hali hii ya mtoto, akasema, mara nyingi inatembea ndani ya familia. Si pepo, si jina, si malezi mabaya, na mtoto mwenye nayo si mjinga. Akatuambia jina lake kwa Kiingereza, refu, nikafunga fundo, na lenyewe likaondoka. Akasema kwa Kiswahili: akili yake inakimbia na breki zake ni dhaifu. Hilo limebaki.

Kichwani mwangu nilimwona msichana mdogo amebeba jembe, anawaangalia wenzake wakienda shule. Kwa miaka hamsini nilimwita msichana yule mjinga. Huyo ndiye niliyekuwa nampiga, na fimbo ilikuwa inamfikia Masika.

Nje Masika akaniuliza, "Mukaka, unalia kwa ajili yangu?"

"Vumbi la Kasese," nikasema.

Kazi ya kwanza niliyofanya baada ya hapo, kabla ya dawa yoyote, ilikuwa kuvuka mpaka kwenda Kasindi. Zawadi alinikuta nimekaa mlangoni kwa dada yake. Mimi siyo mtu wa kuomba msamaha, mdomo wangu haujazoea. Nilimwambia, "Mtoto arudishiwe jina lake. Ni Masika."

Akasema, "Na ule wa Beni?"

"Naye ni Masika. Wote wawili."

Alikaa chini. Halafu akaniambia jinsi yule mtoto alivyokuwa, nywele nyingi, vidole virefu kama vya Bwambale. Hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya soko iliyofuata alirudi nyumbani na mizigo yake.

Safari za Kasese zikawa kalenda yetu. Safari ya kwanza kiangazi, ya pili mvua zilipoanza, ya tatu maembe yakidondoka, hapo ndipo musawo aliposhauriana na daktari wakampa vidonge. Vidonge hivyo vilinitisha. Wiki za kwanza Masika alikaa kimya kama kuku aliyenyeshewa. Maharagwe yalikuwa yamerudi, samaki wamerudi, na yeye hakula. Nilikishika kifundo cha mkono wake, vidole vyangu vikakutana na kupitana. Nyumba ikawa haina kelele. Nilitamani avunje hata kikombe. Nilimrudisha kabla ya siku yake, nikamwambia musawo, "Nilileta mtoto, umenirudishia picha yake." Hakukasirika. Akapunguza dawa, akaniambia nimpe chakula kabla ya kidonge. Baada ya muda kelele zikarudi, lakini kelele zenye mlango. Kuna msimu vidonge havikupatikana kabisa, tukaishi bila hivyo, na hatukufa.

Kilichosaidia kila siku kilikuwa kidogo kuliko kidonge. Mimi nilikuwa natoa amri nne kwa pumzi moja: leta maji, funga mbuzi, washa moto, usimwage unga. Ya kwanza inamtoka kabla ya ya nne kuingia. Nikajifunza kumshika bega, kumngoja aniangalie, kusema moja. Akimaliza, namsifu. Kusifu kulinipa shida kuliko kuchapa. Bundu tunasonga wawili, tukiimba, wimbo ukiisha liko tayari. Na nikamfundisha mafundo. Nilimfungia utepe wa kitenge mkononi, wekundu, fundo la daftari, fundo la viatu.

Fimbo? Niliiweka kwenye moto. Mara mbili mkono wangu uliitafuta.

Shule ndiyo ilikuwa mlima. Madamu Grace alikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na Masika alikuwa amerudia darasa la tatu. Siku moja nikaitwa ofisini. Nilimkuta mwalimu mkuu, na Bwambale amekuja toka Mweya bila kuniambia, na wifi yangu wa Maliba na mkoba wake. Mezani karatasi na kalamu.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Alizungumza kwa upole.

"Mama, tumejaribu. Mtoto anasumbua wenzake. Tumekubaliana na baba yake apumzike nyumbani kwanza. Akitulia, mtamrudisha. Wewe ndiye uliyeandikwa kuwa mlezi, kwa hiyo weka saini hapa."

"Atakuja kwangu Maliba," wifi akasema. "Akimbie mlimani na mbuzi, alee mtoto wa binti yangu Mbambu. Akili itashuka yenyewe."

"Mwanangu," nikamwambia Bwambale, "umekubali?"

Alikuwa anaangalia viatu. "Mama, nimechoka kupigiwa simu kazini. Ni kwa muda tu. Mpaka atulie."

Mpaka atulie. Maneno yale yale aliyoambiwa baba yangu. Nilijua hiyo "mpaka" ina urefu gani, mimi niko ndani yake bado. Nikatafuta kiti, nikakaa, nikaweka kitenge changu magotini.

"Saini, mama," mwalimu mkuu akasema.

"Mimi nimekaa hapa. Siinuki."

"Mama, nina kazi."

"Fanya kazi yako. Sikuzuii."

Wifi alinivuta mkono, nikawa mzito. Bwambale alitoka nje, akarudi, akatoka. Kengele ya mapumziko ikalia, Masika akachungulia dirishani, akaniona, akaniletea uji kwenye kikombe chake. Aliumwaga nusu njiani, lakini nusu ilifika. Mwalimu mkuu aliandika, akapokea wageni, akawaambia huyu ni mzazi anasubiri. Kwenye saa saba madamu Grace aliingia kuchukua chaki, akauliza habari, akaniangalia muda mrefu.

"Kama mama anataka kukaa," akasema, "akae darasani kwangu. Mtoto tumweke dawati la mbele, bibi nyuma yake. Muhula mmoja. Tukishindwa, hiyo karatasi iko hapo hapo."

Mwalimu mkuu alicheka kwa uchovu, akaivuta karatasi, akaiweka kwenye droo. Hakuichana. Nilimwona.

Kwa hiyo nilirudi darasa la tatu, na nywele nyeupe. Nilikuja na kigoda changu. Masika akianza kwenda zake, namgusa bega kwa kidole, anarudi. Akishindwa kukaa kabisa, madamu anamtuma kufuta ubao. Watoto waliniita mwanafunzi mzee, nikawazoea. Kilichonishinda ni miguu yangu. Mimi mwenyewe nilitaka kuinuka mara kumi kabla ya mapumziko: nimeacha mbuzi, nimeacha moto, kuna ndege pale nje. Nikajifungia fundo moja kubwa, nikalishika tu. Siku moja madamu aliuliza hesabu ya kugawa, nikaropoka jibu. Darasa likacheka. Masika akageuka, uso mkavu kabisa.

"Mukaka, inua mkono kwanza."

Bwambale alinipigia simu. "Mama, wenzangu Mweya wamesikia mama yangu yuko darasa la tatu."

"Waambie na namba niliyoshika," nikasema. Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka wa sombe kumsikia anacheka nami. Mwezi uliofuata alikuja siku ya Kasese, akampeleka Masika mwenyewe, akakaa kwenye benchi linalobana nyama.

Daftari hili ninaloandikia ni la muhula ule. Kurasa za mbele ni za kugawa, zina makosa.

Sitakudanganya kwamba amepona. Wiki iliyopita amepoteza sufuria. Sufuria nzima, na kifuniko. Lakini alipita mtihani, chini kidogo ya katikati, na siku shule ilipofunguliwa mwaka mpya alikwenda darasa la nne kwa miguu yake, viatu viwili, utepe mwekundu mkononi. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Alifungua droo mbele yangu, akatoa ile karatasi, akaichana vipande vinne.

"Umeshinda, mama," akasema. "Sasa rudi nyumbani upumzike. Kazi yako imeisha."

Niliangalia ndani ya darasa la nne. Madawati mapya, ubao mrefu, mahali ambapo mimi sikuwahi kufika. Nikaweka kigoda changu nyuma ya dawati la mbele. Masika akageuka, akanipima kwa macho, kama musawo.

"Mukaka, darasa la nne wanakaa mpaka jioni. Wewe utaweza?"

Nikakunja kitenge changu magotini, nikawajibu wote wawili:

"Mimi nimekaa hapa. Siinuki."